Upekuzi wa wakili haugusi nyumba ya jirani (England)

Unanunua nyumba na unajiuliza kama upekuzi wa wakili utaonyesha kibali cha ujenzi alichopata jirani? Hapana, hakitaonekana. Upekuzi ambao wakili anaufanya halmashauri unahusu nyumba unayonunua tu, si ile mnayochangia ukuta. Nilinunua nyumba ya namna hiyo, ripoti ikaja safi kabisa, kumbe jirani alishapata ruhusa ya kuongeza ghorofa juu ya jiko lake. Sasa dirisha la nyuma halioni jua mpaka saa nane mchana.

Angalia mwenyewe. Ingia tovuti ya halmashauri ya eneo hilo, sehemu ya maombi ya ujenzi, andika anwani ya jirani. Ni bure, na michoro mara nyingi imewekwa. Kibali kwa kawaida hudumu miaka 3, na kazi inaweza kuanza wakati wowote ndani ya muda huo, kwa hiyo usipuuze cha mwaka juzi.

Ukikosa kitu usidhani jirani kajenga kinyemela, maana upanuzi mdogo mwingi hauhitaji ombi. Ila kama kazi iligusa ukuta wa pamoja, hapo kuna sheria nyingine, ile ya kuta za pamoja ya 1996 (Party Wall Act): mwambie muuzaji akuonyeshe notisi aliyopewa na jirani, karatasi yenyewe.