Ameacha homoni na kurudi kanisani: je, maombi pekee yatamponya?

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 26, tunaishi Leicester, Uingereza. Alitumia testosteroni, homoni ya kiume, kwa miaka minne akiishi kama mwanamume. Sasa ameacha kwa hiari yake na amerudi kanisani. Utotoni alinajisiwa na ndugu wa karibu, naye anaamini hilo lilichangia. Anahudhuria vikao vya tiba na anatumia sertralini, dawa ya sonona na wasiwasi. Kikundi cha maombi kinamtaka aache dawa, afunge siku 21, kisha atoe ushuhuda, na wamemwahidi kwamba ataimba tena sauti ya kwanza kama zamani. Tufanyeje?

Jibu: Mama, tuanze na dawa, maana hapo ndipo penye hatari ya karibu. Anayekatiza sertralini ghafla baada ya kuitumia kwa miezi anaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira za ghafla, na hisia kama shoti ya umeme inayopita kichwani. Nimepokea wagonjwa walioshikwa mikono na miguu wakikemewa usiku kucha, kwa kuwa dalili hizo zilichukuliwa kuwa pepo anayegoma kutoka. Hakuna kinachoniumiza katika kazi hii kama hicho: mtu anasababishiwa ugonjwa, kisha ugonjwa huohuo unafanywa ushahidi dhidi yake. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, tena si katikati ya mabadiliko makubwa namna hii.

Testosteroni hunenepesha nyuzi za sauti, na kuiacha hakuzirudishi zilivyokuwa. Kama ovari zake zipo, kwa kawaida hedhi hurudi baada ya miezi kadhaa; ndevu nyingi hubaki; sauti pia hubaki nzito, ingawa mtaalamu wa tiba ya sauti anaweza kumsaidia kuitumia kwa wepesi zaidi. Aliyemwahidi sauti ya kwanza amemtegea mtego, kwa sababu kila atakapofungua kinywa kwayani na ile noti ya juu ikakataa, atajiona amekataliwa na Mungu. Mwalimu wa kwaya amsikilize kwanza, kisha amweke katika sauti ya pili au ya tatu, kwa koo alilo nalo leo.

Kuhusu chanzo, huenda binti yako anajielewa vyema. Mwaka 2021 mtafiti Lisa Littman wa Marekani alichapisha majibu ya watu 100 walioanza kubadili jinsia kisha wakaacha, na 38 kati yao walisema hisia yao ya kutopatana na jinsia yao ilitokana na jambo mahususi, kama vile kiwewe, unyanyasaji au ugonjwa wa akili. Hata hivyo hiyo si kanuni: wapo wengi waliobadili jinsia bila kunyanyaswa, na wengi wanaoanza homoni hawaziachi. Kilichonishtua zaidi ni kwamba 24 tu kati ya wale 100 waliwaarifu waliowatibu kwamba wameacha. Waliobaki wanaangukia mikononi mwa yeyote atakayewapokea kwa ukarimu, bila vipimo vya damu wala ufuatiliaji.

Sina ugomvi na sala. Kwa mtu aliyepoteza marafiki wa miaka minne, wazee wanaomjulia hali na ibada inayompa mpangilio wa juma ni msaada mkubwa. Ninachokataa ni ushuhuda kufanywa tiba. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2018 unapendekeza tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, kwa kawaida vikao 8 hadi 12, ambamo mgonjwa huikaribia kumbukumbu hatua kwa hatua, akiwa na mtu mmoja anayemwamini, na akiwa na uwezo wa kusitisha kikao anapolemewa. Madhabahuni hana uwezo huo: watu mia wanamtazama, kinanda kinapigwa, na huenda yule ndugu aliyemnajisi ameketi safu ya tatu akisubiri kutangaziwa msamaha.

Onyo hili si kwa makanisa peke yake. Yeyote, awe mhubiri au mwanasiasa wa upande wowote, anayemtaka mtu asimame mbele ya kamera miezi michache baada ya kuacha homoni, anatafuta mavuno yake mwenyewe, na video hiyo itaendelea kuzunguka hata siku binti atakapotaka kuyasimulia maisha yake kwa namna nyingine, au kunyamaza kabisa.