Wasomaji Wanauliza: Mnyama wa Porini Akihamia Nyumbani

Toleo hili tumeliachia barua zinazohusu wanyama wa porini waliohamia kwenye nyumba, mabanda na bustani zetu. Waliotuandikia wanatoka Jinja, Masindi, Entebbe, Mbale na Kasese. Baadhi yao wanataka kumwondoa mnyama bila kumdhuru, na wengine, kwa hofu au kwa hasira ya hasara, wameuliza namna ya kumuua upesi. Tumewajibu wote kwa uzito uleule.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi karibu na Jinja. Dari za madarasa mawili zimejaa popo. Harufu inawasumbua watoto, na wazazi wanadai kwamba tunawaletea ugonjwa wa Marburg, ile homa hatari ya virusi. Fundi mmoja ameshauri tupulize dawa ya wadudu darini, mwingine anataka kuwafukiza kwa moshi wa matairi. Tufanye lipi?

JIBU: Mwalimu, msifanye lolote kati ya hayo mawili. Dawa ya wadudu haiwaui popo wote kwa mara moja. Wengi huzubaa na kuanguka uwanjani wakiwa hai, na mtoto wa darasa la kwanza ndiye atakayemwokota aliyeanguka. Moshi nao huwasukuma waingie ndani zaidi kwenye mianya ya ukuta, wafie humo na kuoza, tena juu ya vichwa vya watoto kuna mbao kavu zinazoweza kushika moto.

Kuhusu Marburg, hofu ya wazazi ina chanzo cha kweli, ila imewaangukia popo wasiohusika. Mwaka 2007 wachimba madini waliugua katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, na mwaka 2008 watalii wawili, mmoja wa Marekani na mwingine wa Uholanzi ambaye alifariki, waliugua baada ya kuingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo. Virusi hivyo vilipatikana kwa popo wa matunda wa Misri, popo mwenye macho makubwa anayelala kwa maelfu mapangoni na migodini. Wanaokaa chini ya mabati ya shule kwa kawaida ni popo wadogo wala wadudu, wanaostahimili joto la mabati ambalo wanyama wengine hulikimbia, na kila usiku hula wadudu wengi, wakiwemo nondo waharibifu wa mazao. Hata hivyo, popo wa aina yoyote hashikwi kwa mikono mitupu, kwa sababu baadhi ya popo wa Afrika wamekutwa na virusi vya jamii moja na kichaa cha mbwa. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe ianze kwa kutazama. Nusu saa kabla ya giza, watu wazima wawili wasimame pande mbili za jengo na kuona popo wanatokea wapi. Mahali hapo huwa na alama ya mafuta ya kahawia kwenye ubao wa ukingo wa paa, na chini yake kuna vinyesi vinavyofanana na vya panya. Ukivifinya kwa kijiti, vya panya ni vigumu, lakini vya popo husagika kuwa unga unaometameta, kwa kuwa vimejaa vipande vya mabawa ya wadudu. Mkishajua njia zao, zibeni mianya mingine yote, hata yenye upana wa kidole, mkiacha ile michache inayotumika zaidi. Kwenye kila tundu lililobaki, fungeni kipande cha chupa kubwa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako na shingo, ncha moja ikiingia tunduni na nyingine ikielekea chini. Popo atateleza na kutoka salama, lakini akirudi alfajiri hataweza kupanda plastiki laini, naye atatafuta makao kwingine. Acheni chupa hizo kwa muda wa wiki nzima, mkitazama kila jioni kama bado yupo anayetoka, kisha ziondoeni na kuziba matundu kabisa.

Liko sharti ambalo naomba mlishike kuliko yote. Kabla ya kufunga chupa, mtu apande darini mchana akiwa na tochi, barakoa na glovu, aangalie kama kuna watoto. Watoto wa popo hawana manyoya, ngozi yao ni ya waridi, nao hukaa wameshikamana kwenye mbao. Mkiwafungia mama zao nje, watakufa kwa njaa humo ndani, na harufu itakayofuata itakuwa mbaya kuliko hii ya sasa. Wakiwepo, subirini majuma kadhaa mpaka wote waruke. Najua wazazi wanawasukuma, Mwalimu, lakini waiteni shuleni na kuwaeleza sababu ya kungoja, nao wataelewa.

Usafi ufanywe mwishoni, wakati wa likizo. Vinyesi visifagiwe vikiwa vikavu, kwa maana vumbi lake linaweza kubeba kuvu anayeshambulia mapafu. Vilowesheni kwanza kwa maji yenye sabuni, vizoeni kwa sepeto na kuvizika mbali na kisima.

SWALI: Mke wangu alikwenda kuchukua kuni nyuma ya jiko, akamkuta nyoka mweusi aliyeinua kichwa na kutanua shingo. Vijana walimrushia mawe, akatoweka. Sasa tunamwaga mafuta ya taa kuizunguka nyumba kila jioni. Je, yatamzuia kurudi? Ni mimi baba wa watoto watano, Masindi.

JIBU: Hayatamzuia, ndugu yetu, na yanaweza kuwaletea moto na kuharibu udongo wa bustani yenu. Kwa maelezo yenu huyo ni swila, na kilichomleta kwenye kuni ni panya au mayai. Hamisheni rundo la kuni mbali na ukuta na kulipandisha juu ya kichanja, fyekeni nyasi, okoteni mayai kila jioni, wala msiache nafaka wazi. Akionekana tena, watoto waingie ndani, mtu mmoja mzima amtazame kutoka mbali bila kumwondolea macho, na mwingine aipigie simu ofisi ya karibu ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ile tunayoiita UWA. Mawe yasirushwe, kwa kuwa watu wengi huumwa pale wanapojaribu kumuua au kumkamata nyoka ambaye angejiendea zake. Wapo swila wanaotema sumu, na ikiingia machoni, macho yaoshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Aliyeumwa asifungwe kamba wala kuchanjwa kwa wembe wala kubandikwa jiwe jeusi. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, apelekwe hospitali upesi. Usiku watoto walale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

SWALI: Nina miaka sabini, naishi Entebbe na wajukuu wangu. Tumbili wamemaliza mapapai yangu na sasa wanaingia jikoni mchana kweupe. Juzi mmoja alichukua mkate mezani huku mimi nikimtazama. Jirani anasema atanitafutia mtu wa kuwatega na kuwapeleka msitu wa mbali. Mnanishauri nini? Bibi.

JIBU: Shikamoo, Bibi. Pole sana kwa mapapai. Nianze na huyo mtu wa kutega, kwa sababu tukikosea hapo mengine yote hayatasaidia. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, wanyama wa porini ni mali inayoshikiliwa na Serikali kwa niaba ya wananchi, na hakuna ruhusa ya kuwakamata, kuwahamisha au kuwafuga bila kibali cha UWA. Halafu tumbili huishi kwa makundi yenye mipaka yake. Anayetupwa katika msitu asioujua hukutana na kundi lenye msitu huo, akapigwa na kufukuzwa kwenye chakula, na mara nyingi hafiki mbali. Nafasi aliyoiacha kwako itajazwa na wengine, maana mapapai na mkate bado vipo.

Kwa hiyo tuwaondolee sababu ya kuja. Madirisha ya jiko yawekwe wavu wa waya mgumu uliopigiliwa kwenye fremu, kwa sababu wavu wa mbu wataupasua. Pipa la taka liwe na kifuniko kinachofungwa kwa mpira au kamba. Mapapai yachumwe yanapoanza tu kugeuka rangi na kuivishiwa ndani. Matunda yaliyoanguka yaokotwe asubuhi. Wajukuu wawafukuze tumbili pale wanapoonekana uani, kwa kupiga sufuria na kurusha maji, wala wasingoje mpaka washibe, kwani aliyekwisha kula ameshalipwa na kesho atarudi. Manati yaachwe kabisa, kwa sababu yanawatoboa macho na kuwavunja mikono, na tumbili aliyelemaa huwa mwizi wa kudumu, hana tena namna ya kujitafutia porini. Sanamu ya kutishia haitadumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 kutoka Amboseli nchini Kenya ulionyesha kwamba tumbili wana mlio wa tahadhari wa chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Mnyama wa akili hiyo hachelewi kutambua kwamba shati lililovikwa mti halina mtu ndani.

Ukimkuta jikoni, Bibi, usisimame mlangoni. Hilo ndilo kosa linalowaumiza watu wengi, maana tumbili aliyezibiwa njia hupita juu ya aliyemzibia. Sogea pembeni, fungua mlango wote, usimkazie macho wala kumwonyesha meno hata kwa kucheka, kwani kwake hiyo ni dalili ya vita, na mwache atoke na mkate wake. Akikuuma au kumuuma mjukuu, osha jeraha kwa sabuni na nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Liko neno la mwisho, nalo ni la majirani. Nyumba moja ikiendelea kuwarushia ndizi, jitihada za mtaa mzima zitaharibika. Mwombeni mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, alizungumzie jambo hili kwenye kikao cha kijiji.

SWALI: Bundi amekaa kwenye dari ya nyumba yetu Mbale tangu mwezi uliopita. Usiku tunasikia sauti kama ya mtu anayevuta pumzi kwa nguvu. Mke wangu ni mgonjwa, na majirani wanasema ndege huyo ameleta kifo, wanataka kuja kumchoma. Nimewazuia, lakini naogopa.

JIBU: Mzee wetu, tunamwombea mama apone, na tunashukuru kwamba umewazuia. Hofu hiyo tumeirithi kwa wazee wetu na hatuidharau, lakini ugonjwa wa mama unahitaji daktari, na bundi hana sehemu ndani yake. Sauti mnayoisikia yaelekea ni ya makinda yakidai chakula. Chini ya tundu lao utakuta mabonge meusi ya manyoya yaliyokauka. Loweka moja kwenye maji na kulifungua kwa kijiti mbele ya majirani hao, na ndani yake wataona mafuvu na mifupa ya panya waliokuwa wakila mahindi yao. Bundi wa nyumbani, yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, huruka akiwa na umri wa miezi miwili hivi. Subirini makinda yaondoke, kisha tundu lizibwe usiku baada ya kuhakikisha kwamba dari haina kitu.

SWALI: Ninafuga kuku Kasese, karibu na mbuga ya Queen Elizabeth. Wiki iliyopita mnyama ameua kuku tisa usiku mmoja na kula mmoja tu. Nina dawa ya wadudu ya shambani. Niweke kiasi gani kwenye nyama?

JIBU: Ndugu mfugaji, tunakuomba usiweke hata kidogo. Mwezi Aprili 2018, katika mbuga hiyohiyo, huko Hamukungu, simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu, wanane kati yao wakiwa watoto. Sumu ikishatiwa kwenye nyama haimchagui mlaji. Mbwa wako ataila, na tai mizoga ambao nchi yetu imebaki nao wachache wataila, na aliyekula akifa, mzoga wake nao utaua. Nawe utakuwa umevunja sheria yenye adhabu nzito.

Kuua kuku wengi usiku na kula mmoja ni tabia ya kanu au fungo akijikuta ndani ya banda ambamo kuku hawana pa kukimbilia. Nguchiro yeye huja mchana na hupenda mayai. Hii maana yake ni kwamba banda lako lina mlango wa wazi usioujua. Ingia ndani mchana, funga mlango, na utafute mwanga unaopenya, kwa kuwa kanu hupita penye tundu ambalo ngumi yako haiingii. Wavu mwembamba wa kuku huchanika kwa meno, hivyo tumia ule wa waya uliochomelewa, na uufukie chini ya ardhi kiasi cha nusu mita kuzunguka banda, au ulijenge banda juu ya nguzo. Kuku wafungiwe kabla ya jua kuzama, wala si baada ya chakula cha jioni. Ikiwa mnyama ataendelea kuja, waombe askari wa wanyamapori walete mtego wa sanduku unaokamata bila kujeruhi, kwa sababu wao wanajua pia mahali pa kumwachia. Fidia iliyowekwa na sheria ya 2019 ni kwa wanyama waliotajwa ndani yake, wengi wao wakubwa, kwa hiyo usitegemee kulipwa kuku tisa. Peleka fedha zako kwenye waya.

Na ikiwa nyama yenye sumu umekwisha kuitega kabla ya kusoma jibu hili, ifuate sasa hivi, usingoje kesho. Vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi, okota kila kipande, kizike kwenye shimo refu mbali na maji, osha mikono kwa sabuni, na uwaambie majirani wafunge mbwa wao mpaka utakapokuwa na hakika kwamba hakuna kilichobaki.