Mume Wangu na Pokémon GO

SWALI: Mhariri, mume wangu ni mtu mzima mwenye watoto, lakini kila jioni hutoka na simu kuwasaka viumbe wa Pokémon GO. Je, huu si utoto?

JIBU: Mchezo huo, uliotolewa na kampuni ya Niantic mwezi Julai 2016, hutumia GPS (mfumo wa satelaiti unaoonyesha mahali ulipo) na kamera ya simu kumwonyesha mchezaji viumbe wa kubuni kana kwamba wamesimama mbele yake, na tangu mwanzo uliwagawanya watu wazima: wapo walioucheka, na wapo walioushukuru kwa kuwatoa vitini. (Binafsi, simwoni anayekaa kutazama mpira kuwa amekomaa zaidi.) Lawama yenye uzito ilihusu mahali pa kuchezea, kwani mwaka huohuo makumbusho ya Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Polandi, yaliomba mchezo huo usichezwe katika eneo ambalo watu huenda kuwakumbuka waliouawa. Iran nayo iliupiga marufuku kwa hoja ya usalama. Kwa hiyo acha suala la umri; mwulize kama huitazama barabara anapovuka, na kwa nini hawachukui watoto wakatembee naye.