Vidirisha vya shaba vya chombo: maji baridi kwanza, ukwaju baadaye

Chombo cha matanga ninachokitunza hapa Nungwi kina vidirisha vinane vya duara, vinne kila ubavu, na fremu zake ni za shaba ya manjano. Nilipokabidhiwa, fremu zilikuwa nyeusi kama chungu, na kuzunguka kila skrubu kumeota unga wa kijani. Nilishika stilwaya nikasugua kutwa nzima. Zikang'ara. Haikwisha wiki, vidoa vya kutu nyekundu vikaanza kutokeza juu ya shaba, na shaba haishiki kutu ya namna hiyo. Kumbe nyuzi za stilwaya hukatika, vijipande vyake vikanasa kwenye mikwaruzo, na hewa ya bahari ikavitia kutu humo humo. Fundi mmoja aliyekuwa akikalafati mashua pembeni alikuja akatazama, akaniambia, "Mwanangu, chumvi hujaiosha. Unaisugulia ndani."

Tangu hapo sigusi shaba kabla ya kuiosha kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Chumvi ikikaa juu yake huvuta unyevu wa hewani usiku na mchana, na ule unga wa kijani ndio matokeo yake. Yaonje maji kwanza, maana visima vingi vya karibu na ufuko vina chumvichumvi. Mimi hukinga ya mvua. Mimina, sugua kwa mswaki mkuukuu kwenye bawaba na vichwa vya skrubu, mimina tena, kausha.

Kinachobaki baada ya hapo ni kazi ya ukwaju. Bibi yangu aling'arisha mdila wa kahawa kwa ukwaju na majivu, nami sijaona dawa ya dukani inayouzidi kwa shaba iliyoiva weusi. Roweka ukwaju kwa maji kidogo, uvuruge mpaka uwe uji mzito, toa kokwa, tia chumvi kijiko kimoja, upake. Subiri dakika kumi tu. Utaona weusi ukilegea na rangi ya dhahabu ikichungulia chini yake. Sugua taratibu kwa kitambaa cha pamba, ukifuata mzunguko wa fremu. Ndimu pia inafaa, ila huchuruzika, na ikidondokea mbao hubakisha doa. Suuza, kisha pitisha maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa tindikali, suuza tena, kausha papo hapo. Ukiacha ukwaju ukauke juu ya shaba, kesho utakuta mabaka. Na jiki usiisogeze karibu: ikikutana na ukwaju au ndimu hutoa gesi ya klorini, na chumba cha chombo hakina hewa ya kutosha.

Fremu ikishakuwa safi, itazame vizuri kabla ya kufurahia mng'aro. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi huila zinki polepole. Palipoliwa hugeuka waridi, rangi ya shaba nyekundu tupu, na huwa na vitundu vidogo kama sponji. Mng'aro hautapaponya. Kidirisha changu cha tatu ubavu wa kulia kilikuwa na doa la namna hiyo, dogo kuliko ukucha. Nililigusa kwa ncha ya bisibisi, ikazama. Fremu ile niliibadilisha kabla hatujakatiza kwenda Pemba, maana wimbi la kusi likiupiga ubavu huo, maji yangeingia moja kwa moja vitandani.

Kwenye kioo nilipata hasara nyingine. Vidirisha vingi si kioo cha kweli, ni plastiki ngumu, na dawa nyingi za kopo za kung'arishia zina amonia, ile harufu inayochoma pua. Iligusa plastiki yangu, baada ya muda ikajaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kuzunguka kioo, na mpira wa kuzuia maji uufunike pia. Mpira wenyewe usiupake grisi ya gari, huvimba na kulegea. Grisi ya silikoni inatosha.

Jaribu sumaku pia kwenye fremu. Ikinasa, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi ya shaba, na ukiisugua sana utafika kwenye chuma.

Mwisho hupaka nta ya nyuki, nyembamba, nikaifuta. Vanishi siipendi: jua huipasua, chumvi ikaingia chini yake, na kuibandua ni kazi kubwa kuliko ukwaju wote. Kung'arisha kwenyewe nafanya mara mbili tu kwa mwaka, kwa sababu kila ukisugua unapunguza shaba. Ila chupa ya maji ya mvua na kitambaa havitoki pale kwenye ngazi, na kila tukitia nanga, kabla sijashuka, navipitia vidirisha vyote vinane.