Siti ya pikipiki ndiyo, kochi hapana

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: je, ngozi bandia ya plastiki inafaa kuaminiwa badala ya ngozi halisi? Kwa siti ya pikipiki nasema ndiyo. Kwa kochi, hasa huku kwetu Kigoma, nasema hapana. Sokoni zipo aina kuu mbili, na wauzaji wengi huziuza kana kwamba ni kitu kimoja.

Ya kwanza ni ya PVC, ile plastiki ya mabomba ya maji, ambayo Waldo Semon wa Marekani aligundua mwaka 1926 namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminika maalumu. Ikishalainishwa hupakwa juu ya kitambaa na kupigwa chapa ili ifanane na ngozi ya ng'ombe. Kwa kuwa haipitishi maji, mvua ikikatika dereva wa bodaboda huifuta tu na abiria akakaa pakavu. Adui yake ni jua, kwani joto hukitoa kilainishi polepole, siti ikakakamaa na kupasuka, mara nyingi ikianzia kwenye mshono. Fundi makini hutandika nailoni juu ya sponji, ili siku mshono utakapoachia maji yasizame ndani.

Ya pili ni ya poliurethani, utando mwembamba na laini unaopendwa kwenye mikoba, viatu na makochi ya kupendeza. Hii ndiyo inayoniumiza, kwa sababu aina nyingi za utando huo huharibiwa na unyevu wa hewa hata kama kitu hakitumiki, nasi tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa jirani yangu lipo kochi lililofunikwa vitambaa na kukaliwa na wageni tu, lakini sehemu za kuegemeza mikono zinabambuka vipande vyeusi vinavyoganda kwenye mashati, ilhali kitambaa cha chini ni kizima kabisa. Familia ile ilijinyima ili kulinunua, na wala haikukosea matunzo. Hakuna gundi itakayourudisha utando huo. Ni kuvua yote na kuvalisha upya, na hapo ningeshauri kitambaa cha kawaida kilichofumwa vizuri.

Mabaki ya PVC nayo yasichomwe jikoni wala jalalani, kwani moshi wake una gesi ya asidi inayochoma macho na koo. Heri yashonewe mifuko ya spana au viraka vya siti nyingine.