Ligi ya mtaa au timu ya kusafiri kwa mrushaji wa miaka 11?

SWALI: Kocha, salaam kutoka Fort Worth, Texas. Binti yangu ana miaka 11. Amecheza softiboli, mchezo unaofanana na besiboli ila mpira hurushwa mkono ukitokea chini, misimu miwili kwenye ligi ya mtaa, na sasa ndiye mrushaji wa timu yao, yaani anayemrushia mpigaji mpira. Timu moja ya kusafiri, ile inayokwenda mashindano ya wikendi miji mingine, imemwita kwenye majaribio ya Agosti. Ada ni dola 1,800 kwa mwaka, na akichaguliwa wanataka malipo ya kwanza ndani ya wiki moja. Baba yake anasema hiyo ndiyo njia ya kusomeshwa chuo bure. Mimi nafanya kazi ya zamu, na Jumapili tuna ibada. Akibaki ligi ya mtaa, atapitwa na wenzake? – Mama Neema

JIBU: Mama Neema, mwaka mmoja zaidi kwenye ligi ya mtaa hautamfungia mtoto mlango wowote. Nianze na hilo la chuo, maana ndilo linalowafanya wazazi wengi walipe haraka.

Baba Neema hajakosea kabisa. Makocha wa vyuo huenda kutazama mashindano makubwa ya kiangazi ya timu za kusafiri. Ligi ya mtaa hawaendi. Ila hilo ni jambo la umri mwingine. Tangu 2018, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinamzuia kocha wa softiboli wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kati ya tatu za chama hicho, kuzungumza na mchezaji habari za kumsajili kabla ya Septemba 1 ya mwaka anaoanza darasa la 11. Kabla ya hapo kulikuwa na watoto wa darasa la nane walioahidiwa nafasi chuoni, na wazazi wengi bado wanakimbia kwa mwendo wa enzi ile. Na hiyo “bure” nayo ina mipaka: kwa miaka mingi timu nzima ya Daraja la Kwanza iligawana ufadhili kamili 12, hivyo wengi walipata kipande tu. Mwaka 2025 utaratibu ulibadilika, na vyuo vilivyoukubali vinaweza kufadhili hadi wachezaji 25, lakini kuruhusiwa kutoa si kutoa. Daraja la Tatu halina ufadhili wa michezo hata senti.

Suala lako hasa ni kwamba binti ni mrushaji. Mtoto akitoka kundi la miaka 10 kushuka chini na kuingia la miaka 12 kushuka chini, mpira unakua kutoka mzingo wa inchi 11 hadi 12, na umbali wa kurusha unaongezeka kutoka futi 35 hadi 40. Kwa kiganja cha mtoto hayo ni mabadiliko makubwa. Wengi hupoteza shabaha kwa miezi kadhaa, wanarusha nje ya eneo linalotakiwa, mpigaji anapewa besi (kituo) ya kwanza bure, wanalia. Kinachomtibu ni mipira mingi ya mazoezi na mtu anayejua kusahihisha mkono, kiuno na mguu wa kusukumia. Mtu huyo anaweza kuwa kwenye timu ya kusafiri au asiwepo. Zipo nyingi zinazofundishwa na baba wa mchezaji, sawasawa na ligi ya mtaa, ila jezi zao ni nzuri zaidi. Mwalimu wa urushaji mara moja kwa wiki, huku akiendelea na ligi, mara nyingi humpeleka mtoto mbali kuliko kukaa benchi kwenye timu yenye warushaji wanne.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kocha wa timu hiyo ni hili: mna warushaji wangapi, na wikendi ya kawaida binti yangu atarusha inningi (vipindi vya mechi) ngapi? Ligi za mtaa kwa kawaida humlazimisha kocha kumchezesha kila mtoto. Timu ya kusafiri hailazimiki, ukishalipa au hujalipa. Akikujibu kwa maneno ya jumla, umeshajibiwa.

Swali la pili ni bega. Watu husema kurusha kwa chini hakuumizi. Si kweli: mzunguko ule wa mkono huchosha bega na msuli wa mbele wa mkono kama urushaji mwingine wowote. Besiboli ya Little League, shirika kubwa la ligi za watoto, humwekea mtoto wa miaka 11 kikomo cha mipira 85 kwa siku, lakini mashindano mengi ya softiboli ya wikendi hayahesabu mipira kabisa. Nimesimama uwanjani kama mwamuzi nikaona mtoto mmoja akirusha mechi baada ya mechi tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mapumziko ya siku moja au mbili kwa wiki, na jumla ya miezi mitatu kwa mwaka nje ya mchezo huo mmoja. Uliza timu inapumzika lini. Texas, ambako baridi haikatizi sana ratiba, jibu linaweza kuwa “Desemba kidogo.”

Kuhusu Jumapili nisikufiche. Kwa kawaida Jumamosi ni mechi za makundi, za kupanga nafasi. Za mtoano huchezwa Jumapili, wakati mwingine kuanzia saa mbili asubuhi. Mkiondoka Jumamosi jioni, timu inabaki bila mrushaji mechi zinapohesabika. Mwambie kocha mapema, kabla ya kusaini.

Dola 1,800 hizo nazo si zote. Kuna kiingilio cha wazazi langoni, mafuta, chakula, na hoteli ambazo baadhi ya waandaaji hulazimisha zikodiwe kupitia kwao.

Ningekuwa mimi, ningempeleka kwenye majaribio hata kama siendi kulipa, aone wenzake wanarushaje. Kisha ningembakiza ligi ya mtaa msimu wa vuli, nimtafutie mwalimu, na masika nimwache agombee timu ya nyota wa ligi, ile inayoteuliwa msimu ukiisha na kucheza mashindano machache tu. Mkiamua kujiunga sasa, hiyo wiki moja itumie kwenda kutazama mazoezi yao bila mtoto, na upate kwa maandishi kama malipo ya kwanza yanarudishwa akiumia au mkihama.