Nimemchongea marehemu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, kila mkoa ujenge mnara wenye majina ya waliopigana Vita vya Kagera? Nilisema ndiyo kabla sijamaliza kusoma. Baba yangu, marehemu sasa, alikuwa mgambo Mwanza, akachukuliwa mwishoni mwa 1978, Mwalimu Nyerere alipokwisha kutangaza kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin wa Uganda tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Alirudi na goti bovu, akakuta foleni ya sukari. Tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Rika langu mnajua ile miezi 18 ilikuwa mirefu kiasi gani. Na kwa goti hilohilo akazungushwa na ofisi moja, njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka akaacha kwenda. Kwa hiyo jengeni, tena herufi ziwe kubwa.

Nilitaka kuishia hapo, ila swali lenu limenirudisha Kyaka.

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la sita. Tulipanda MV Victoria jioni, kulipokucha tuko Bukoba, tukadandia basi la kwenda Bunazi. Sikuambiwa tunafuata nini. Nilidhani ni msiba. Kufika darajani Kyaka, baba akagonga bati: "Shusha!" Konda akamwambia, mzee, Bunazi bado. Baba alikwisha shuka, na mimi nyuma yake na kikapu chenye kilo mbili za sukari. Tukavuka kwa miguu, yeye akichechemea, abiria wakiguna madirishani, basi likatungoja ng'ambo. Daraja la zamani jeshi la Amin lililipua Novemba 1978, kina baba wakavukia la muda. Nikajua leo nitasimuliwa vita. Akasimama katikati, akayatazama maji ya Kagera, akajigusa pajani: "Matope yalifika hapa." Kisha akaniuliza kama chenji ya nauli ninayo.

Bunazi tulikwenda kwa mama wa mwenzake wa vitani, aliyezikwa Kaboya kwenye makaburi ya mashujaa. Shikamoo, marahaba, tukaletewa kahawa za kutafuna. Baba akakohoa, akasema, "Mama, mwanao alinikopesha shilingi 20 usiku ule kabla hatujavuka. Nimekuja kulipa." Shilingi 20 za 1978 zilikuwa pesa, mwaka 1991 zilikuwa hazinunui kitu, kwa hiyo alizifunga pamoja na noti nyingine. Bibi akauliza mlikopeshana za nini. Baba hakujua kuwadanganya wakubwa wake.

"Za sigara, mama. Tulikuwa tunavuta wote."

"Waitu! Kumbe alikuwa anavuta!"

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Halafu akaanza kumgombeza mwanawe kama vile yuko uani anasikia: tangu lini, nani alimfundisha, na kifua chake kile cha utotoni! Baba alikuwa ameinamia vidole vyake vya miguu. Sukari ikapokewa, pesa zikakataliwa, zikapokewa. Kurudi hakusema neno mpaka tuko melini usiku: "Nimemchongea marehemu."

Ninyi mnauliza habari za kuchonga majina, na mimi tangu Jumatatu nasikia neno hilo tu. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, redioni wakitangaza mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, baba alisikiliza mpaka mwisho, akazima, akachukua jembe. Hakuna mwaka alioomba nauli ya kwenda kutazama. Nauli aliyoitafuta ni ile ya kulipa deni. Sidhani mnara ungemtoa nyumbani, labda kama umejengwa njiani kwenda sokoni.

Basi mnara, kwa upande wangu, hapana. Walio hai watibiwe magoti kwanza. Nasema kwa upande wangu tu, maana yule bibi sikumuuliza, na huenda yeye angetaka. Na wakiujenga huku kwetu nitakwenda kulitafuta jina la mzee. Nisipolikuta, nitawaandikia tena.